Jiwe la mizani limemtoa mwanangu nyumbani

Shikamoo Mwalimu,

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana sitaki binti yangu anione nikilia tena.

Naishi Tanga. Mume wangu ana duka la nafaka alilorithi kwa marehemu mama yake, bibi aliyeanza kwa kuuza mchele barazani kwa kibaba. Kijana wetu mkubwa ana miaka 25. Alimaliza chuo Dar es Salaam mwaka juzi, ajira hakupata, akarudi kumsaidia baba yake dukani. Ni mtoto mtulivu. Hanywi, havuti, na tangu akae kwenye droo hesabu za jioni hazijapungua hata shilingi mia.

Ramadhani iliyopita alituambia kuwa haswali tena. Hakusema kwa kiburi. Alisema amesoma, amefikiri, na hawezi kuendelea kuigiza mbele yetu. Mwezi mzima hakula hadharani, na kila magharibi alikaa nasi kwenye futari akinimiminia uji kama zamani. Baba yake alinyamaza. Nikadhani ni mambo ya ujana, yatapita.

Miezi miwili baadaye likaja hili la jiwe. Alikuwa akipanga mawe ya mizani. Akaweka jiwe la kilo kwenye kitanga kimoja, na paketi ya sukari ya kiwandani ya kilo moja kwenye kingine. Sukari ikashuka. Akabadilisha paketi, ikashuka tena. Akaenda kuazima mizani ya betri kwa jirani, jiwe letu likasoma gramu 940. Aligeuza chini akanionyesha: kuna kitundu kinachotiwa madini ya risasi ili jiwe litimie uzito, na risasi haimo.

Mume wangu alipoambiwa hakushtuka. Alisema risasi ilidondoka yenyewe zamani, hakuichokoa yeye. Soko zima liko hivyo, na bei yake iko chini kidogo kuliko ya wenzake. Kijana akapiga hesabu mbele yake: gunia la kilo 100 tunaliuza kama kilo 106. Kwa mchele wa shilingi 2,500, hiyo ni 15,000 ya watu kwa kila gunia. Akasema, "Baba, mimi sitauza tena kwa jiwe hili."

Hapo mume wangu alilipuka, mbele ya wateja: "Wewe usiyeswali ndiye wa kunifundisha mimi haramu?" Akamwambia asiye na dini hana maadili, leo anasema mizani, kesho ataondoka na droo. Akamnyang'anya funguo. Kijana naye akajibu neno baya, kwamba dini ni hadithi za kutishia watoto. Usiku ule akahamia kwa rafiki yake, na hii ni wiki ya sita.

Wakati anafunga begi aliniuliza: "Mama, ukiambiwa leo moto haupo, kesho utaanza kuiba?" Sikumjibu. Nimekesha na swali hilo. Wanangu nimewalea nikiamini kuwa wema unatoka kwa Mungu. Kama ni hivyo, mwanangu anaupata wapi? Na kama unatoka kwa watu tu, mimi niliwafundisha nini miaka yote hii? Binti yangu wa miaka 13 ananiuliza, "Mama, kaka ni mtu mbaya?" Mume wangu naye si mtu mbaya, Mwalimu. Anaswali sala tano, analisha mayatima. Lakini jiwe bado liko dukani na bado tunauzia.

Nifanye nini?

Mama wa watoto watatu, Tanga


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita pale kijana alipoligeuza jiwe akakuonyesha kitundu. Kabla ya mambo makubwa ya wema umetoka wapi, naomba ujue nalikumbuka jiwe hilo muda wote ninaokujibu. Nyinyi wawili mmelitazama kwa chini. Yupo mtu wa tatu ambaye hajaliona: yule mama anayefika dukani kwenu na 2,500 zilizofungwa kwenye pindo la kanga.

Swali la kijana wako jibu lake unalo, hukuthubutu tu kulisema. Usingeanza kuiba. Ungeamka kesho ukamkuta yule mama kaunta, ukamtazama usoni, na mkono wako usingekwenda. Kinachokuzuia kumwibia ni yeye mwenyewe: watoto wake, sufuria yake, njaa yake inayofanana na yako. Hofu ya moto ipo, na huwasaidia watu siku ambazo hawajioni vizuri, lakini haikuwa ya kwanza kufika.

Mimi ni Mwislamu, naswali, na kwa umri huu sitarajii kuacha. Hata hivyo naamini kwa moyo wangu wote kwamba binadamu walijua dhuluma ni dhuluma kabla ya kuletewa kitabu. Tena hili nimelipata ndani ya dini yangu. Bila shaka mumeo anakijua kisa cha Hilful-Fudhul, labda hajakitazama kwa jicho hili. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake, akauziana na Al-As bin Wail, mkubwa wa mji, ambaye alichukua mali akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ndugu pale. Akapanda mlima Abu Qubais akapaza sauti mji mzima umsikie. Watu wa koo kadhaa za Kikureshi wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kwamba yeyote atakayedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka apate haki yake. Wakamwendea Al-As, mali ikarudi. Mtume alikuwepo, kijana wa miaka kama 20 hivi, na wahyi ulikuwa bado miaka ishirini mbele. Nyumba ile haikuwa na Qur'ani wala msikiti. Baadaye sana, akiwa ameshapewa utume, alisema kiapo kile asingekibadilisha kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na kwamba akiitiwa tena katika Uislamu angeitikia.

Dini ilikuja ikakuta watu wasiokuwa na kitabu wamefanya jambo la haki kuhusu biashara, ikalikubali, ikaliheshimu. Mtume alisema pia kwamba ametumwa kuzitimiza tabia njema, na kinachotimizwa ni kitu kilichokwishaanza. Wakristo nao wanacho cha kwao: Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu mataifa wasio na torati ambao hutenda ya torati kwa asili yao, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Sisemi kwamba wanazuoni wote walikubaliana. Mu'tazila, kundi moja la wanazuoni wa zamani, walisema akili hujua jema na baya hata kabla ya sharia. Ash'ari na wafuasi wake, ambao ndio walimu wa wengi wetu huku pwani, wakasema jema ni lile lililoamrishwa. Walibishana kwa karne nyingi na hawakumalizana. Nalitaja ili ujue kijana wako hajauliza swali la kihuni. Ni la zamani, na waliolishughulikia walikuwa watu wenye kuswali.

Hata lugha yetu inasema kitu. Dhambi, haramu na thawabu ni maneno tuliyoyapokea kwa Kiarabu pamoja na dini. Wizi, uongo, choyo, wema na utu ni ya mababu zetu wa Kibantu, ndugu zake yamo katika lugha za bara ambako adhana ilifika juzi. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107, na ipo misikiti mikongwe kuliko huo. Waliojenga misikiti ile ya mwanzo hawakusubiri kuta zisimame ndipo wajue kuwa kumnyima mwenzio ni choyo.

Sasa nikueleze la kwangu. Mwaka 1978 nilipangiwa kufundisha kijiji kimoja cha Iramba, Singida. Nilikuwa binti wa pwani, mgeni, sijui lugha, na mtama nilinunua kwa mzee mmoja ambaye hakuwa wa kanisa wala msikiti. Alikuwa akipima kwa debe. Hakujaza tu akaniachia. Alilitikisa mara tatu ili punje zishuke zijae mapengo ya chini, akajaza tena, kisha akaweka kilima juu mpaka mtama ukamwagika pembeni. Mimi nisingejua tofauti. Mjini nilizoea debe linalojazwa haraka likiwa limeinamishwa. Siku moja, kupitia kwa mwanafunzi wangu, nikamuuliza mbona anajisumbua vile kwa mgeni. Akajibu: "Njia ya kisimani ni moja. Nikikupunja, nitapita wapi?"

Utaniambia mzee yule alikuwa na matambiko yake, kwa hiyo na yeye alikuwa na dini. Ni kweli, alikuwa akiwakumbuka wazee wake. Sijawahi kuona jamii iliyoishi bila ibada ya aina yoyote, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema jambo hili ni jepesi. Lakini nilipomuuliza sababu hakutaja mizimu wala adhabu. Alitaja njia ambayo mimi na yeye tulikutana kila asubuhi.

Niliishi na jibu lile miaka mingi nikiliona limetosha. Baadaye nikaliona halitoshi, na hapa ndipo naomba kijana wako naye asikie. Njia ya kisimani humlinda jirani. Je, yule ambaye hutakutana naye tena? Sokwe wa Gombe, hapa hapa kwetu Kigoma, wametufundisha hili kwa uchungu. Mwaka 1987 dume kijana aliyeitwa Spindle alimchukua Mel, yatima wa miaka mitatu asiye ndugu yake, akambeba, akagawana naye chakula na pa kulala. Huruma bila kitabu. Ila katika msitu huo huo, kati ya 1974 na 1978, kundi moja liliwawinda wenzao waliojitenga, likawaua madume wao mmoja mmoja. Wema wa kuishi pamoja una mpaka, na nje ya mpaka huo watu hufanya ya kutisha bila aibu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897. Majirani waliona, jamii ilikubali. Usukumani bibi vizee wameuawa na watu wa vijiji vyao wenyewe kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo atakayeniambia maadili ni yale ambayo jamii imekubaliana, nitamuuliza bibi yule akate rufaa wapi.

Dini zimefanya kazi kubwa hapo, ya kusema kwamba hata asiye wa kwenu ni mtu. Mgeni wa Zabid ni mtu. Yule aliyepigwa na wanyang'anyi, akahudumiwa na Msamaria, ni mtu. Lakini nisiseme uongo: kwenye soko la Mkunazini wauzaji na wanunuzi walikuwa na dini zao, wakaswali, wakarudi kununua watu.

Mimi nimeishia kwa yule aliyedhulumiwa. Tunafundishwa kwamba haki ya Mungu, Mungu huisamehe akiombwa. Haki ya mja mwenzako haifutwi kwa rakaa mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Lifikirie hilo. Dini yenyewe inamweka yule mama wa kanga mahali ambapo sala ya mumeo haiwezi kumruka.

Na kuna jambo limo kwenye barua yako, huenda hukuliona ulipokuwa unaandika. Mumeo alipolitetea jiwe hakutoa aya wala hadithi. Alisema soko zima liko hivyo. Alijificha kwa watu. Angeitafuta dini yake pale angekuta Sura nzima inayoanza kwa ole kwa wapunjao, wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunguza. Angemkuta Mtume sokoni akiingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vinatoka na unyevu, akamuuliza muuzaji mbona maji hayakuwekwa juu watu wayaone, akasema mwenye kughushi si katika sisi. Ni mfanyabiashara wa nafaka aliyeambiwa hivyo, mwanangu. Kijana asiyeswali ndiye aliyesimama mahali ambapo dini ilimtaka baba yake asimame. Sisemi hivyo ili kumdhalilisha mumeo. Naamini anachosema kuhusu risasi, huenda ilidondoka yenyewe. Mtu mwema huishi na jiwe la gramu 940 kwa kuahirisha tu, leo wateja wengi, kesho kuna mvua, mwishowe jicho halilioni tena. Nimewaona wengi, na mimi mwenyewe sikosi langu.

Kijana naye ana deni. Neno la hadithi za kutishia watoto limemchoma baba yake na limekuchoma wewe, na halina ukweli. Mikono iliyomfundisha kupima ni ya bibi yake aliyeuza kwa kibaba. Sijamjua mama mkwe wako, ila nimewajua wauzaji wa kibaba wa Pangani na Tanga: walijaza, wakapitisha kiganja juu, kisha wakaongeza ukufi mmoja, ujazo wa kiganja, kwa ajili ya Mungu. Ukufi ule ulikuwa dini na ulikuwa ujirani, na sijui kisu cha kuvitenganisha. Aombe radhi kwa neno lile. Kwa kutoswali asiombe radhi ya uongo, na kwa jiwe asiombe radhi kabisa.

Uliniuliza ulifundisha nini. Ulimfundisha huyo aliyeazima mizani kwa jirani ili ahakikishe kabla ya kumtuhumu baba yake. Huyo aliyefunga mdomo mwezi mzima ili asikuvunjie heshima. Huyo ni wa kwako. Kama imani yake itarudi au haitarudi, hilo liko baina yake na Mola wake, na wewe unaloweza ni kuomba na kumwachia mlango.

Sasa la kufanya. Usimwendee mumeo na habari za kijana. Ukianza na kijana, atatetea heshima yake, na jiwe litasahaulika. Subiri usiku, baada ya isha, watoto wameshalala. Mwambie kuhusu jiwe peke yake. Mtajie mama yake na kibaba chake. Usimwite mwizi, usimwekee mtu wa tatu, mpe nafasi ya kulitoa mwenyewe. Mawe ya mizani huhakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Alipeleke yeye, au anunue jingine lenye chapa. Bei ya jiwe jipya ni ndogo kuliko anachokitoa kwa mayatima, na hao mayatima nadhani nao wananunuliwa mchele dukani.

Yaliyopita yana njia pia. Wateja mnaowajua kwa majina, hasa wale wa daftari la mkopo, warudishieni kwa mchele, kimyakimya kama hamtaki kelele. Msiowajua, mashekhe wetu hufundisha kutoa sadaka kwa niaba yao. Akiona aibu kulizungumza na shekhe wa jirani, kuna wa mitaa ya mbali.

Akikataa? Basi wewe usishike jiwe lile. Siku ukiwa kaunta, pima kwa mizani nyingine, au ongeza ukufi. Hataweza kukukasirikia kwa jambo alilolifanya mama yake mbele ya macho yake.

Binti yako mwambie kwamba kaka yake si mtu mbaya na baba yake si mtu mbaya, na kwamba wamegombana kwa ajili ya jiwe lenye kitundu. Usimfiche la jiwe. Ana miaka 13, ameshasikia, na wateja wameshaongea. Endelea kumfundisha kuswali kama unavyoamini, ila siku akikuuliza kwa nini tusiibe, mweleze kwanza habari za mama wa kanga.

Ijumaa hii pika, ufunge chakula, umpelekee kijana huko alikohamia, uende na binti yako. Funguo za duka msizizungumzie bado. Niandikie jiwe likishabadilishwa.